Koma kabla ya "and", "but" na "because" katika sentensi za Kiingereza: iwekwe wapi, iachwe wapi

Mwanzilishi wa uzi

Wakuu, salaam. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya wanaoandika Kiingereza kila siku, iwe ni barua za kazi, ripoti za ofisini, tasnifu za chuo au insha za mtihani, na ambao wakifika kwenye "and" au "but" husita wasijue kama watangulize koma au waiache. Wengi wetu tulitoka shuleni na kanuni mbili zisizopatana. Ya kwanza inasema koma haikai kamwe kabla ya "and", kwa kuwa "and" yenyewe imekwisha kufanya kazi ya kuunganisha. Ya pili inasema weka koma popote unapovuta pumzi. Ya kwanza si kweli, na ya pili ilikuwa kweli zamani mno.

Hii ya pumzi ina historia yake. Takriban miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alitumia nukta zilizowekwa juu, katikati au chini ya mstari ili kumwonyesha msomaji wa kusoma kwa sauti mahali pa kutua na urefu wa kutua kwenyewe. Umbo la koma tunalolijua leo lilienezwa na wapiga chapa wa Venice, hasa Aldus Manutius, mwishoni mwa karne ya 15. Tangu hapo kazi ya alama hii imehama: katika Kiingereza cha sasa koma hufuata muundo wa sentensi kuliko mapafu ya msomaji, na ndiyo maana watu wawili wenye pumzi tofauti wanatarajiwa kuiweka mahali pamoja.

Muundo wenyewe ni huu. Kiingereza kina viunganishi saba vifupi vinavyounganisha vishazi vyenye hadhi sawa, navyo ni "for", "and", "nor", "but", "or", "yet" na "so". Kiunganishi kimojawapo kinapokuwa katikati ya vishazi huru viwili, yaani kila upande una kiima chake na kitenzi chake na ungeweza kusimama peke yake kama sentensi, koma hutangulia kiunganishi hicho. Upande wa pili ukikosa kiima chake, koma haina sababu ya kuwapo. Linganisheni:

"The bus left Morogoro at noon, but the driver stopped at Chalinze."

"The bus left Morogoro at noon but stopped at Chalinze."

Katika sentensi ya kwanza, baada ya "but" kuna "the driver", ambaye ni kiima kipya, na kwa hiyo koma imekaa. Katika ya pili, baada ya "but" tunakutana na kitenzi moja kwa moja. Aliyesimama ni basi lilelile la mwanzo, na vitenzi viwili vinagawana kiima kimoja.

Mpaka hapo kanuni ni nyepesi, na vitabu vingi vya sarufi huishia hapo. Ninachotaka kukijadili ni kwa nini sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunaikosea hata baada ya kuikariri. Semeni sentensi ya pili kwa Kiswahili: "Basi liliondoka Morogoro saa sita mchana lakini likasimama Chalinze." Tazameni "likasimama". Kiima kimo ndani ya kitenzi, katika kiambishi "li". Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtendaji wake kila kiendako, hivyo kila kitenzi kinasikika kama sentensi kamili, na sikio letu husikia vishazi huru viwili pale ambapo Kiingereza kina kimoja tu chenye vitenzi viwili. Mkono nao hufuata sikio ukaandika "The bus left Morogoro at noon, but stopped at Chalinze."

Kwa hiyo, kabla ya kuweka koma, msijiulize kama upande wa pili una maana kamili, maana kwa sikio letu karibu kila mara utakuwa nayo. Jiulizeni kama kuna neno linaloonekana kwa macho, mfano "he", "they", "the driver" au "the committee", lililoandikwa baada ya kiunganishi na kabla ya kitenzi. Likiwapo, wekeni koma, lisipokuwapo, acheni.

Kanuni hii ina ulegevu wake. Vishazi vikiwa vifupi sana, koma inaweza kuachwa bila mtu kulalamika: "He called and I answered." Waandishi wazuri, hasa Waingereza, nao huiweka koma kabla ya "but" hata pasipo na kiima kipya wanapotaka kukaza ukinzani, kama katika "The plan was cheap, but useless." Ni hiari ya mtindo, na mimi binafsi naikubali kwa "but" na "yet", si kwa "and". Kwa "and" hiyohiyo, koma isiyo na kiima mbele yake huonekana kama kijiwe katika wali.

Mchangiaji: mwalimu wa Kiingereza, sekondari

Ndugu mwanzilishi, nakushukuru kwa hoja ya kiambishi, kwa maana imenieleza jambo ninaloliona katika madaftari ya wanafunzi kila muhula bila kulipatia jina. Naomba uongeze tatizo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo. Wanafunzi wangu hawaweki koma kabla ya kiunganishi. Wao huweka koma mahali pa kiunganishi. Huandika "He arrived late, he missed the exam." Nikiwasahihisha huniuliza kosa liko wapi, kwa kuwa kila neno ni sahihi na maana inaeleweka. Aidha, wale waliokwisha kuonywa hukimbilia "however" na kuandika "The road was closed, however we reached the village", wakiamini kwamba wamekwisha kupata kiunganishi.

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu, makosa hayo mawili yana mzizi wa jirani na ule wa kwanza. Katika masimulizi ya Kiswahili tuna kiambishi cha "ka", nacho kinatosha kuunganisha tendo na tendo bila kuhitaji neno lingine: "Alichelewa kufika, akakosa mtihani, akarudi nyumbani." Koma hapo zimekaa vizuri kabisa, kwa sababu mfuatano umebebwa na "ka" na koma haina mzigo wowote. Mwanafunzi anapoivusha sentensi hiyo kwenda kwenye Kiingereza, "ka" inabaki ng'ambo, koma inavuka peke yake na kuachiwa kazi isiyo yake. Katika Kiingereza rasmi koma peke yake haina nguvu ya kushikilia vishazi huru viwili. Inahitaji kiunganishi ubavuni.

Ningewaeleza wanafunzi njia za kuponya sentensi ile kwa kuwaonyesha kwamba kila njia inasema jambo tofauti kidogo. "He arrived late. He missed the exam." inatoa taarifa mbili na kumwachia msomaji aunganishe. "He arrived late; he missed the exam." inadokeza kwamba mambo hayo yana uhusiano, na nukta-mkato ndiyo iliyodokeza. "He arrived late, so he missed the exam." inataja uhusiano wenyewe waziwazi. Akichagua hii ya mwisho, koma na kiunganishi vinakwenda pamoja.

Kuhusu "however", ni kielezi, na kundi lake lina "therefore", "moreover", "nevertheless" na "consequently". Kipimo rahisi cha kuwatambua ni kwamba wanahama: unaweza kusema "However, we reached the village", au "We, however, reached the village", au hata "We reached the village, however." Jaribu kuihamisha "but" namna hiyo uone kama itakubali. Kinachoweza kuhama hakina nguvu ya kuunganisha, na ndiyo maana sentensi ya wanafunzi wako inataka nukta au nukta-mkato kabla ya "however" na koma baada yake: "The road was closed; however, we reached the village."

Kuna mahali pamoja ambapo koma tupu huruhusiwa, nako ni kwenye mfuatano wa vishazi vifupi vilivyofanana umbo, kama yale maneno ya Julius Caesar yanavyotafsiriwa: "I came, I saw, I conquered." Mwanafunzi akikutolea mfano huo darasani, mkubalie, kisha mwonyeshe kwamba vishazi ni vitatu, vina umbo moja, na kila kimoja ni cha maneno mawili.

Mchangiaji: mwanasheria

Wakuu, naomba niingize upande wa orodha, kwa kuwa mpaka sasa mmezungumzia vishazi tu, ilhali koma iliyowahi kugharimu fedha nyingi mahakamani ni ile inayokaa kabla ya "and" au "or" mwishoni mwa orodha ya vitu.

Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilimtaka mwajiri kulipa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, isipokuwa kwa kazi fulani za vyakula. Kazi hizo zilitajwa hivi: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of" mazao ya kilimo, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Kampuni ikajibu kwamba usambazaji, yaani "distribution", ni kazi mojawapo katika orodha ile, na kwamba madereva kazi yao ni kusambaza, kwa hiyo hawana haki. Madereva wakasema sivyo: kabla ya "or" hakuna koma, kwa hiyo "packing for shipment or distribution" ni kazi moja tu ya kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza, na wao hawafungashi chochote.

Hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Kampuni ilionyesha kwamba mwongozo wa jimbo hilo wa kuandika sheria uliagiza koma ya mwisho iachwe, na kwamba, kwa usomaji wa madereva, orodha nzima ingebaki bila kiunganishi kabla ya kazi ya mwisho. Madereva walionyesha kwamba kila kazi iliyotajwa inaishia na "ing", ila "shipment" na "distribution" ni nomino za namna nyingine, dalili kwamba zote mbili zinatawaliwa na "packing for". Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza iliona kwamba kifungu kina utata, na kwa kuwa sheria za kazi za Maine hutafsiriwa kwa kumpendelea mfanyakazi, madereva wakashinda hatua hiyo. Mwaka 2018 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo likakiandika upya kifungu kile kwa kutenganisha kazi kwa nukta-mkato badala ya koma, na "distribution" ikageuzwa kuwa "distributing".

Swali langu ni moja. Je, hapa kwetu, tunaofuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, tuiweke koma hiyo ya mwisho au tuiache?

Mwanzilishi wa uzi

Mwanasheria, ahsante kwa kisa hicho. Nakiongezea jambo moja ambalo hupotea kinaposimuliwa: koma ile isingehitajika sana kama orodha ingeandikwa kwa umbo moja tangu mwanzo. Wabunge walipoirekebisha waligusa alama pamoja na umbo la neno, na nadhani la pili lina thamani sawa na la kwanza.

Kuhusu swali lako, koma hiyo hujulikana kama koma ya Oxford, kwa kuwa shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Oxford limeishikilia kwa muda mrefu katika machapisho yake. Kwa hiyo si kweli kwamba Uingereza nzima huiacha, ingawa magazeti mengi ya huko huiacha. Wala si kweli kwamba Marekani nzima huiweka: wachapishaji wa vitabu wanaofuata mwongozo wa Chicago huiweka, lakini shirika la habari la Associated Press huiacha katika orodha rahisi. Mgawanyiko, kwa hiyo, ni wa vitabu na magazeti zaidi kuliko wa nchi na nchi.

Mashabiki wa koma hii hupenda kuonyesha sentensi kama "We thanked our parents, the headmaster and the bishop", ambayo inaweza kusomeka kana kwamba wazazi wetu ndio mwalimu mkuu na askofu. Koma kabla ya "and" huondoa kichekesho hicho. Hata hivyo, koma hiyohiyo huweza kuleta utata mahali pengine. Katika "I travelled with my aunt, a nurse, and a driver", msomaji hajui kama shangazi ndiye muuguzi, na wasafiri wenzangu ni wawili, au muuguzi ni mtu mwingine, na wasafiri wenzangu ni watatu. Hapo dawa ni kupanga upya: "I travelled with a nurse, a driver and my aunt."

Ushauri wangu kwa maandishi ya kawaida ni kwamba ufuate mtindo wa ofisi au chuo chako na usibadilishebadilishe ndani ya waraka mmoja. Kwa mikataba na sheria ndogo, iweke kila mara, na orodha ikiwa ndefu igawanye kwa vifungu vyenye herufi, kila kimoja kwenye mstari wake. Na popote ambapo kitu kimoja katika orodha kina "and" ndani yake, kama "tea, bread and butter, and eggs", koma ya mwisho si hiari tena, vinginevyo msomaji hatajua siagi inakwenda na mkate au na mayai.

Tukiwa bado kwenye "or": kiunganishi hiki hubadilika maana kwa koma. "Bring a basin or a bucket" inakupa uchaguzi wa vyombo viwili. "The dhow, or jahazi, carried cloves" inataja chombo kimoja chenye majina mawili. Koma zikiondolewa, msomaji mgeni atadhani ni vyombo viwili tofauti.

Mchangiaji: mwanafunzi wa chuo

Samahani mkuu, mimi nasumbuliwa na "because". Msimamizi wangu wa tasnifu amezifuta koma zote nilizoziweka kabla ya "because", lakini akaacha moja bila kunieleza sababu. Programu ya kukagua sarufi nayo inazipigia mstari baadhi na kuziacha nyingine.

Mwanzilishi wa uzi

"Because" haimo katika wale saba. Yenyewe huanzisha kishazi tegemezi, pamoja na "when", "if", "although", "since", "unless" na wengine wengi. Kundi hili linaangaliwa kwa nafasi. Kishazi tegemezi kikitangulia, koma hukifunga: "Because the data were incomplete, we repeated the survey." Kikifuata, kwa kawaida koma haipo: "We repeated the survey because the data were incomplete." Nadhani koma zako nyingi zilikuwa za aina hii ya pili, na pengine zimetoka katika mazoea ya kuandika koma kabla ya "kwa sababu" na "kwa kuwa".

Ile iliyoachwa, bila kuiona, nahisi sentensi yake ilikuwa ya kukanusha. Chukua "He did not vote because he was angry." Sentensi hiyo ina maana mbili zinazopingana: ama hakupiga kura, na hasira ndiyo sababu, ama alipiga kura, lakini si kwa hasira. Ukiandika "He did not vote, because he was angry", umefunga maana ya kwanza, kwa kuwa koma imeizuia "not" isivuke kuigusa sababu. Ukikusudia maana ya pili, usitegemee kukosekana kwa koma, andika upya, kwa mfano "He voted, but not because he was angry." Programu haijui ulikusudia lipi, na ndiyo maana hapa naona ni afadhali kumsikiliza msimamizi.

"Although" na "whereas" hukubali koma hata zikiwa katikati, kwa sababu zinaleta ukinzani na si sababu wala wakati. "So" inahitaji uangalifu: "She saved money, so she bought a plot" ina koma, maana ni matokeo, lakini "She saved money so that she could buy a plot" haina, maana ni nia. Na "that", ile ya "kwamba", haitanguliwi na koma baada ya "said", "believe" au "recommend". "He said, that he was ill" ni kosa katika Kiingereza cha leo.

Mchangiaji: mtafuta kazi

Mkuu, naomba unisaidie kwa sentensi hii ya barua yangu ya maombi ya kazi: "I completed my studies in 2021, and worked as a store clerk, but, I left because, the company closed and I am now looking for a permanent position."

Mwanzilishi wa uzi

Tuanze kushoto. Baada ya "and" ya kwanza kuna "worked" bila "I", kwa hiyo koma iondoke. Baada ya "but" kuna "I left", kishazi huru chenye kiima chake, kwa hiyo koma iliyo kabla ya "but" ibaki. Iliyo baada yake iondoke: koma hukaa baada ya "but" pale tu panapoingizwa maneno ya kando, kama "but, as you will see from my certificates, I left". Koma baada ya "because" iondoke vilevile, kwa kuwa inakikata kishazi tegemezi na kiunganishi chake.

Kisha kuna koma iliyokosekana, nayo ndiyo yenye madhara zaidi. Kwa jinsi ulivyoandika, "the company closed and I am now looking for a permanent position" yote yanaweza kusomeka kama sababu ya kuacha kazi, yaani uliacha kwa sababu kampuni ilifungwa na pia kwa sababu sasa unatafuta kazi ya kudumu. Koma kabla ya "and I am" inaitoa sehemu hiyo nje ya "because": "I completed my studies in 2021 and worked as a store clerk, but I left because the company closed, and I am now looking for a permanent position."

Sentensi imekuwa sahihi, ila imebeba mambo manne kwa mpigo. Ningekuwa mimi, ningeweka nukta baada ya "closed", nikaifuta "and", nikaanza sentensi mpya kwa "I am now looking", ili lile unalomwomba mwajiri lisimame peke yake.